Kabla ya kung'oa jino, mgonjwa aulizwe kwanza linaumaje

Ndugu Mhariri,

Kamwene, na salamu kutoka Makambako. Mimi ni fundi cherehani wa hapa mjini na msomaji wenu wa siku nyingi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua kwasababu upande wa afya mnaandika sana sukari, presha, malaria, figo, na mnafanya vizuri kabisa, ila kuna ugonjwa mmoja sijawahi kuuona mmeuandika na wenye nao wapo, wako mitaani huku wanang'olewa meno mazima. Ni maumivu ya neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka hisia. Hospitali wanaita trijeminali nyuralgia. Mimi ninao upande wa kulia, umri wangu umeshapita hamsini, na nataka nieleze mtu anaishije nao siku kwa siku alafu niwaombe kitu wanaong'oa meno na wanaohusika na dawa za zahanati.

Nianze na maumivu yenyewe mana hapo ndo watu wanapochanganya. Yanakuja ghafla kama shoti ya umeme, yanapiga shavuni yanashuka kwenye taya au yanapanda chini ya jicho, sekunde chache tu, yakizidi sana dakika mbili, alafu yanakata kabisa unabaki mzima unapumua, na kabla hujashukuru yanapiga tena. Kuna siku yanafuatana hivyo hivyo toka asubuhi. Na kinachoyaamsha ni vitu vidogo ambavyo mtu mwingine hata havihisi, upepo, unywele umeangukia shavuni, kutabasamu, kupiga mswaki, kunawa uso, kusema neno moja. Ukibonyeza kwa nguvu pengine usipate kitu, ila unyoya ukipita tu ndo balaa. Alafu kuna vipindi yanaondoka yenyewe, wiki hata miezi, mtu anadhani amepona, na yakirudi mara nyingi yanarudi na nguvu zaidi.

Sasa kwakuwa yanapiga kwenye ufizi na taya, kila mtu anasema ni jino. Na mimi niliambiwa ni jino. Nilikoenda waliangalia, wakagonga, wakasema hili la nyuma ndo lenye shida, likang'olewa. Ganzi ilipoisha maumivu yakarudi palepale. Nikarudi, wakasema basi ni la jirani yake, nalo likatoka. Mhariri, yale meno niliyaona kwenye kile kisahani cha chuma, meupe, mizizi mizima, hayana tundu wala usaha. Upande wangu wa kulia sasa una mapengo na maumivu yako vilevile kwasababu hayakuwa na uhusiano wowote na meno. Na siko peke yangu, toka nianze kuongea haya waziwazi wameshanijia watu dukani wananifunulia mdomo, mama mmoja wa kutoka Wanging'ombe upande mmoja mzima wa juu hana kitu.

Alonifungua macho ni daktari kijana wa hospitali ya rufaa, hakuwa hata wa meno. Alinisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniuliza maswali machache. Je linauma mfululizo au linapiga na kukata? Je, ukigusa shavu kidogo tu kwa nje linaamka? Je usiku ukishalala linakuamsha au linakuacha ulale? Nilipomjibu akachora uso kwenye karatasi akanionesha. Neva ya tano, katika zile jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, ndo inaleta hisia za uso, na kila upande ina matawi matatu, la kwanza paji la uso na jicho, la pili shavu na meno ya juu, la tatu taya na meno ya chini. Akasema mara nyingi kinachotokea ni kwamba mshipa wa damu umeilalia hiyo neva karibu na inapotokea kwenye ubongo, kila moyo ukipiga mshipa unaipiga neva, mpaka lile ganda la neva linalika, na hapo kuguswa kidogo kunageuka maumivu makali. Wachache chanzo kinakuwa uvimbe au ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu, ndo mana inatakiwa kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, hasa kama mgonjwa bado kijana, au uso una ganzi, au yanauma pande zote mbili, au sikio limeanza kutosikia vizuri. Wanaougua zaidi ni wanawake, na wengi ni kuanzia miaka hamsini kwenda juu.

Na niseme hapohapo, huu si ule wa mdomo kwenda upande na jicho kushindwa kufunga. Ule ni wa neva nyingine, ya saba, inayochezesha misuli ya uso. Wangu uso uko sawa kabisa, ukiniangalia huoni kitu, na hilo ndo linafanya watu wasiniamini.

Kitu kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba huu ugonjwa sio mgeni. Mwanangu alinisomea kwenye simu kwamba daktari mmoja wa London, John Fothergill, aliueleza vizuri tangu 1773, akaeleza jinsi kula, kuongea na kuguswa kidogo kunavyouamsha. Zaidi ya miaka 250 iliyopita! Na leo mtu anaingia kwenye chumba cha meno akiwa na dalili zilezile anatoka na pengo.

Sasa siku yangu inaendaje. Asubuhi siamki nikanawa kama zamani. Huku kwetu maji ya asubuhi mwezi wa sita na wa saba yanakata mkono, sembuse shavu, kwahiyo nachemsha kidogo, nachanganya yawe vuguvugu, nachovya kitambaa cha pamba laini nakikamua, alafu naanza upande wa kushoto, paji, kidevu, na upande wa kulia nagusa kwa kubonyeza bila kusugua, na pale pembeni ya pua ambapo ndo penyewe napaacha kabisa, siku mbaya panakaa hata siku kadhaa bila maji. Mswaki natumia ule laini wa watoto, na maji vuguvugu, na sipigi mswaki kabla dawa haijaanza kufanya kazi. Dawa nameza kwanza, nasubiri, ndo kinywa kiguswe. Hiyo nafasi kati ya dawa na chai ndo imeniokoa, na nawaambia wote wenye shida hii wajaribu kupanga hivyo na daktari wao.

Kula ni kazi. Mahindi ya kuchoma nimeacha, kande nimeacha, nyama labda iwe imeiva mpaka inaachana. Nashukuru Njombe yetu ina viazi na parachichi, naponda pamoja na chumvi kidogo, nakula kwa kijiko kidogo nikielekeza kushoto. Uji wa ulezi nanywa ukishapoa ukawa vuguvugu, wakati mwingine kwa mrija. Ugali naupika laini. Wakati wa shambulio nimewahi kukaa na njaa na chakula kiko mezani mana kutafuna kulikuwa hakuwezekani, na mtu akikonda hapo maneno mengine yanaanza, mnajua wenyewe.

Kwenye kazi ndo nimebadilisha karibu kila kitu. Fundi yeyote wa nguo anajua pini tunazishika kwa midomo, na uzi tunaukata kwa meno, mkono haujui njia nyingine. Siwezi tena. Siku moja niko napima gauni la kipaimara kwa binti wa watu, nikaweka pini mdomoni kwa mazoea tu, ikanipiga pini zote zikamwagika, nikakaa chini nimeshika kichwa na yule binti akaanza kulia akadhani nakufa. Toka hapo nimeshona kamto nakafunga mkononi, pini zote zinakaa hapo, na kamkasi kadogo kananing'inia shingoni kwa uzi. Vipimo zamani nilikuwa naviimba kwa sauti mwanafunzi wangu anaandika, sasaivi naandika mwenyewe kwenye daftari namwonesha mteja kwa kidole, kifua, kiuno, urefu, anaitikia kwa kichwa. Meza nimeihamisha kutoka mlangoni nikaiweka nyuma ya kabati kwasababu ya upepo.

Anayeijua Makambako anajua upepo wake. Pale njia panda ya Njombe na Mbeya malori yanapita, vumbi na baridi vinakuja pamoja, na mimi nikitoka najifunga mtandio mpaka chini ya macho, lakini uwe mwepesi na usisugue shavu, kwahiyo naufunga kwa nyuma unabaki umeachia kidogo usoni. Bodaboda nilikuwa napanda kila siku, nimeacha, upepo wa mwendo ule siuwezi, natembea au nasubiri bajaji yenye turubai.

Kinachonisumbua zaidi ya chakula na kazi ni salamu. Huku kwetu ukikutana na mtu ni kamwene, unasimama, unauliza za nyumbani, za watoto, za shamba. Ukipita kimya umemdharau. Sasa mimi kuna siku nikisema hilo neno moja tu uso unapigwa, kwahiyo nainua mkono, nainamisha kichwa, nimejifunika mtandio. Wamesema naringa, eti duka limenipa kiburi. Jirani yangu tuliyesaidiana miaka yote aliniuliza siku moja, "Mama, nimekukosea nini mbona umeninunia?" Nilishindwa hata kumjibu vizuri wakati huo, nikamwandikia kwenye kikaratasi. Alilia. Sasaivi yeye ndo ananisalimia kwa mkono na anawaeleza wengine. Kanisani kwaya nimekaa pembeni, nyimbo nazifuata kwa macho kwenye kitabu, ila viongozi wameelewa na nafasi yangu wameniachia. Mjukuu wangu wa miaka mitatu amefundishwa na mama yake kwamba bibi anashikwa shavu la huku tu, na anafanya hivyo hivyo, anauliza kwanza, "bibi la huku?"

Wapo walosema nimetupiwa kitu. Wapo walotaka nichanjwe chale pale pale shavuni, mahali ambapo hata pamba siwezi kugusisha, na nikikataa wanasema sitaki kupona. Siwalaumu sana, hawajawahi kuelezwa. Lakini nawaomba ndugu wa wagonjwa, msimshike mtu kwa nguvu mkamchanja au mkamkanda uso kwa maji ya moto. Mnamtesa.

Sasa dawa. Panadol haigusi. Diklofenaki haigusi. Hizi zinafanya kazi kwa jino, kwa mgongo, kwa kichwa, ila kwa neva hii hapana, na hiyo yenyewe ni dalili ya kumfanya daktari afikirie mara mbili. Dawa inayoanza ni kabamazepini, wengi wanaijua kwa jina la Tegretol, ile ile ya kifafa. Daktari mmoja wa Sweden aitwaye Blom aliandika tangu 1962 kwamba inasaidia maumivu haya, na mpaka leo ndo ya kwanza, na wengi wakianza nayo wanapata nafuu ndani ya siku chache. Mimi nilianzishiwa miligramu 100 asubuhi na jioni, ikapandishwa taratibu. Siku ya tatu nilikunywa chai bila kushika shavu, mume wangu akawa ananiangalia tu haongei.

Ila ina mambo yake na mtu asiinunue mwenyewe. Mwanzoni inalewesha, nilikuwa nakanyaga cherehani naona mshono unaenda pande mbili, kwahiyo wiki za mwanzo sikushika mkasi mkubwa. Inaweza kushusha chumvi ya mwilini, inaweza kugusa ini na damu, ndo mana tunapimwa damu. Ukitokewa na vipele au ngozi kubabuka au vidonda mdomoni, hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Na usiiache ghafla. Alafu inapigana na dawa nyingine, vidonge vya majira na vipandikizi vinapungua nguvu, na ARV pia. Hili la ARV nalisema kwa sauti kwasababu mkoa wetu wa Njombe ndo unaongoza kwa VVU, utafiti wa 2022 na 2023 ulionesha asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. Mtu anayetumia dolutegravir, ambayo ni moja ya hizo ARV, akianzishiwa kabamazepini bila kusema, ARV zake zinapungua mwilini, inabidi daktari arekebishe dozi. Kwahiyo mwambie daktari dawa zako zote, usione aibu, na daktari nawe uliza kwa upole mlango ukiwa umefungwa.

Na kuna hili la jina la kifafa. Mteja aliona boksi la dawa mezani kwangu, baada ya muda nikasikia mjini kwamba fundi ana kifafa, wakaanza kunionea huruma ya ajabu na wengine kuondoa nguo zao. Sina kifafa, na angekuwa nacho mtu pia isingekuwa sababu ya kumkimbia, kifafa hakiambukizi. Ila kwa mgonjwa mpya hiyo hofu inatosha kumfanya aache dawa. Wafamasia mnapotoa hii dawa mwambieni mtu dakika moja tu kwamba inatuliza neva, kwake ni ya uso, asije akaisoma kwenye karatasi akaogopa akaitupa.

Tatizo jingine ni upatikanaji. Kuna miezi kituo ninachotumia hakina, naambiwa nikanunue nje, na nje wakati mwingine nako hakuna, au ipo bei haishikiki. Sasa dawa ambayo haitakiwi kukatishwa ghafla inakatishwa na rafu tupu. Maumivu yanarudi siku ya pili. Kabamazepini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, haina ugeni wowote, na watu wa kifafa wanaihitaji kuliko hata mimi. Naomba wanaoagiza kutoka Bohari ya Dawa waiweke kwenye oda kila mara, hata kama wagonjwa wanaoandikishwa ni wachache, na uchache wenyewe unatokana na kwamba wengi wetu tumeandikwa kama wagonjwa wa meno.

Kama dawa zikishindwa kuna upasuaji. Upo wa kufungua nyuma ya sikio na kuutenganisha ule mshipa wa damu na neva, wanaweka kipande kidogo cha Teflon katikati, njia iliyojengwa na daktari Peter Jannetta wa Marekani kuanzia miaka ya 1960. Upo pia wa kuchoma neva kwa sindano kupitia shavuni, huo unaweza kuacha ganzi. Mimi sijafika huko, nimeambiwa nikifikia nitaandikiwa rufaa kwenda kwa mabingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, kama wale wa MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa sasa dawa zikipatikana naendesha maisha yangu.

Nina neno kwa mwenye huu ugonjwa ambaye yuko kwenye kipindi kibaya. Najua unavyowaza usiku ukijua kesho asubuhi lazima unawe na ule. Najua watu wanakata tamaa kabisa ya kuishi. Mwambie mtu mmoja nyumbani, mwambie kwa mdomo ukiweza au kwa karatasi, akusindikize hospitali, asikuache peke yako. Na wewe uliye nyumbani naye, usimwambie ajikaze. Mpunguzie kuongea, muulize maswali ya kuitikia kwa kichwa, mpikie laini, funga dirisha la upande wa upepo, na hakikisha dawa haijaisha kabla ya wikiendi.

Kwa madaktari na mafundi meno nchini, ombi langu ni dogo. Mgonjwa akija na taya inayopiga na kukata, na jino ukiliangalia halina tundu na picha haioneshi kitu, usishike koleo siku hiyo. Muulize yale maswali niliyoulizwa mimi. Mguse shavu kwa pamba. Majibu yakielekea kwenye neva mwandikie barua aende kwa daktari wa kawaida au wa mishipa ya fahamu. Jino likishatoka halirudi, na kusubiri wiki moja kwa jino ambalo halina ubovu hakumdhuru mtu.

Na kwenu Mhariri, tarehe 7 Oktoba ni siku ya kimataifa ya ugonjwa huu. Mkiweza, mwandishi wenu wa afya amtafute daktari wa meno na bingwa wa mishipa ya fahamu, awaweke pamoja awaulize, hata nusu ukurasa inatosha, na mchoro wa yale matawi matatu ya neva uwekwe uwe mkubwa, ili mtu aweze kuukata akaenda nao kliniki akaonesha kwa kidole pale panapouma kama siku hiyo hawezi kuongea.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama fundi, Makambako